Mfumo wa SACCOS yetu umezeeka: tuuandike upya wote, au tuubadilishe kipande kwa kipande?

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mimi na mwenzangu ndio tunaotunza mfumo wa SACCOS moja: hisa, akiba, mikopo, na malipo yanayoingia kwa simu. Umeandikwa kwa PHP 5.6 (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata), na aliyeuandika aliondoka zamani. Viwango vya fedha vimehifadhiwa kama FLOAT (aina ya namba inayokadiria). Meneja anataka mfumo mpya kabisa, uwashwe siku moja na wa zamani uzimwe siku hiyohiyo. Mwenzangu ameshaanza kuuandika kwenye tawi lake la Git (nakala ya msimbo inayoendelezwa pembeni), sasa ni mwezi wa nne, na kila tukijaribu kuliunganisha na tawi kuu, faili karibu zote zinagongana. Tuendelee hivyo, au kuna namna ya kubadilisha kitu kikubwa kama hiki taratibu huku wanachama wakiendelea kuhudumiwa?"

Marahaba. Namna ipo, na kwa watu wawili wanaotunza mfumo unaoshika akiba za watu, sina nyingine ya kuwashauri. Ubadilisheni mfumo huo ukiwa kazini. Kila kipande kifike kwa watumiaji na kitulie kabla hamjagusa kinachofuata. Nitaeleza kwanza kwa nini, kisha niingie kwenye mfumo wenu wenyewe, maana katika jambo hili ushauri wa jumla haumsaidii mtu.

Mfumo wa miaka mingi huonekana mchafu kwa sababu umejaa masharti ya ajabu. Mahali fulani pana mstari unaosema kundi fulani la wanachama likokotolewe riba kwa njia nyingine. Mahali pengine pana mstari unaokagua kama taarifa ya malipo ya simu imekuja mara mbili. Hakuna maelezo, lakini mistari ya namna hiyo kwa kawaida iliingia kwa sababu siku moja mwanachama alilalamika au hesabu za mwisho wa mwezi zilikataa kulingana. Mkianza upya kwenye faili tupu, masharti hayo yote mnayaacha nyuma, kisha mnayagundua tena moja baada ya jingine kupitia malalamiko yaleyale. Safari hii malalamiko yatakuja yote ndani ya wiki moja, na nyinyi ni wawili tu.

Kampuni kubwa kuliko SACCOS yoyote zimepitia hapo. Netscape walitoa toleo la 4 la kivinjari chao Juni 1997. Mwaka 1998 ukaamuliwa mtambo wa zamani wa kuchora kurasa uachwe na uandikwe mwingine. Toleo la 5 halikutoka kamwe. La 6 lilitoka Novemba 2000, na katika miaka hiyo mitatu Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ilikuwa imewachukua watumiaji. Niwe mkweli: mtambo ulioandikwa upya, Gecko, ulikuwa kazi nzuri, na hadi leo ndio unaoendesha Firefox. Walichokikosa ni kitu cha kuwapa watu huku mtambo huo ukitengenezwa. Baadaye Mozilla, warithi wa msimbo huohuo, walitaka kuingiza lugha ya Rust ndani ya Firefox, na safari hiyo hawakuandika kivinjari kipya. Walianza na sehemu ndogo inayosoma faili za video za MP4, ikatoka ndani ya Firefox 48 mwaka 2016. Mwaka uliofuata, katika Firefox 57, wakabadilisha sehemu nzima inayoshughulikia mitindo ya kurasa. Watumiaji waliendelea kufungua kurasa zao muda wote huo.

Kuhusu kuwasha na kuzima kwa siku moja, mwonyesheni meneja yaliyoipata benki ya TSB ya Uingereza. Wikiendi moja ya Aprili 2018 walihamisha wateja milioni 5.2 kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo uliojengwa na Sabadell, kampuni mama yao wakati huo. Taarifa za wateja zenyewe zilihama salama; jukwaa jipya ndilo lililoelemewa mara tu wateja walipoanza kuingia. Hadi watu milioni 1.9 hawakuweza kufikia akaunti zao kwa wakati mmoja, na ilichukua hadi Desemba kurudi katika hali ya kawaida. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba mwaka huohuo, na Desemba 2022 wasimamizi wa benki wa Uingereza wakawatoza faini ya pauni milioni 48.65. Wataalamu hawakukosekana pale. Ila mfumo haukuwahi kubeba uzito wa wateja halisi hadi siku ulipobebeshwa wote kwa pamoja, na kufikia hapo njia ya kurudi ilikuwa imeshafungwa.

Kwa hiyo kipimo changu cha hatua si ukubwa wake. Nauliza maswali mawili. Tukiishia hapa, kwa sababu fedha zimekwisha au mwenzangu amepata kazi kwingine, mfumo utaendelea kufanya kazi vizuri? Na kesho asubuhi ikionekana tumekosea, tutarudi tulipokuwa bila kupoteza muamala hata mmoja? Hatua yoyote yenye ndiyo mbili inafaa, hata kama inagusa faili mia moja. Hatua yenye hapana moja igawanyeni tena.

Sasa tuje kwenu. Matengenezo ya usalama ya PHP 5.6 yalikoma mwisho wa mwaka 2018, kwa hiyo kuhama si hiari. Najua msimbo wa umri huo mara nyingi umejaa mysql_query na ndugu zake, amri za zamani za PHP kuongea na hifadhidata, na hao waliondolewa kabisa katika PHP 7.0 iliyotoka Desemba 2015. Wengi huona hapo ndipo lazima kuruka mara moja. Si lazima. PDO na mysqli, njia mpya zaidi za kazi hiyohiyo, zote zinafanya kazi ndani ya PHP 5.6 na ndani ya PHP 8. Mnaweza basi kuondoa mysql_query faili moja baada ya nyingine, mkiwa bado kwenye toleo la zamani, na kila faili ikaenda kwa watumiaji jioni ileile. Zikiisha zote, kikwazo kikubwa cha kubadilisha toleo kitakuwa kimeshaondoka.

Hii ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote: kwanza fanya mabadiliko yanayokubalika pande zote mbili. Jumuiya ya Python ililipa gharama kubwa kuijifunza. Python 3 ilipotoka Desemba 2008, matarajio yalikuwa kwamba kila mradi ungepitishwa kwenye zana ya kugeuza msimbo, ukahamia upande wa pili. Miradi mingi ilibaki palepale. Mambo yalianza kusogea watu walipoandika msimbo unaokubalika na Python 2 na 3 kwa pamoja, na wenye lugha wenyewe wakasaidia kwa kurudisha katika toleo la 3.3, mwaka 2012, alama ya u mbele ya maandishi ambayo walikuwa wameifuta. Instagram walihama kwa njia hiyo na kumaliza mwaka 2017, kwenye tawi kuu, huku vipengele vipya vikiendelea kutoka. Python 2 yenyewe ilifungwa rasmi Januari 2020.

Kwenye PHP kuna mtego mmoja ambao mfumo wa fedha lazima uutafute kwa makusudi. Kabla ya PHP 8, namba sifuri ikilinganishwa na maandishi matupu kwa alama mbili za sawa, jibu lilikuwa kweli. Kuanzia PHP 8 jibu ni si kweli. Penye sharti la "kama salio ni tupu" huku salio likiwa namba sifuri, mfumo utabadilisha uamuzi wake kimyakimya bila kutoa kosa lolote. Andikeni masharti hayo upya sasa, kwa kusema wazi kama mnauliza sifuri au mnauliza tupu. Msimbo ulioandikwa hivyo unatoa jibu moja katika matoleo yote.

Nakuja kwenye FLOAT, na hapa nitakaa. Katika MySQL, FLOAT ni biti 32, na usahihi wake ni wa biti 24. Maana yake namba nzima zinahifadhika zote sawasawa hadi 16,777,216 tu. Kutoka hapo hadi 33,554,432 zinahifadhika zile zinazogawanyika kwa mbili peke yake. Mkopo wa shilingi 20,000,001 unaingia kama 20,000,000. Anayehesabu kwa dola anaweza kukaa miaka asilione hili. Kwa shilingi ya Tanzania, milioni ishirini si kiasi cha kushangaza katika jedwali la mikopo, na jumla za matawi ya SACCOS zinapita hapo kila siku. Tatizo ni la kweli na lazima liondoke. Lakini kubadilisha aina ya safu hiyo kwa amri moja usiku mmoja kunaangukia kwenye hapana ya swali langu la pili.

Fanyeni hivi. Ongezeni safu mpya pembeni ya ile ya zamani, aina yake DECIMAL(15,2), inayohifadhi namba bila kukadiria hadi senti, ikiruhusiwa kuwa tupu. Kabla ya hapo tafuteni kila INSERT (amri ya kuingiza rekodi) isiyotaja majina ya safu, maana siku safu inapoongezwa hizo ndizo zitakazovunjika. Fanyeni jambo hilo baada ya saa za kazi: kwenye MySQL ya zamani kuongeza safu kunaweza kunakili jedwali zima na kuzuia rekodi mpya zisiandikwe, ingawa tangu toleo la 8.0.12 inaweza kuwa kazi ya papo hapo. Asubuhi hakuna atakayeona tofauti, na ndivyo inavyotakiwa.

Kisha kila mahali panapoandika safu ya zamani paandike na mpya, katika amri ileile, ili zisipishane hata umeme ukikatika katikati. Hapa ndipo mtagundua mfumo unaandika fedha katika sehemu nyingi kuliko mlivyodhani. Msikasirike. Orodha hiyo ya sehemu ni mali, na haikuwepo popote kabla.

Baada ya hapo jazeni rekodi za nyuma, elfu moja moja, mkipumzisha seva katikati. Tahadhari: msinakili tu kutoka FLOAT kwenda DECIMAL mkaona mmemaliza. Shilingi iliyopotea wakati wa kuhifadhi haiwezi kurudi kwa kunakili. Kwa kila kiasi kilichopita 16,777,216 rudini kwenye vocha, stakabadhi, au taarifa ya kampuni ya simu. Ni kazi ya mhasibu kuliko yenu, kwa hiyo mwombeni meneja awape muda wake mapema.

Kila usiku endesheni swali linaloorodhesha rekodi ambazo safu mbili zinatofautiana kwa zaidi ya senti chache. Orodha ikikaa siku kadhaa bila kitu msichoweza kukieleza, anzeni kusoma kutoka safu mpya: kwanza ripoti moja ya ndani, halafu skrini ya karani, mwishoni taarifa anayopewa mwanachama. Safu ya zamani iendelee kuandikwa wakati wote huo, kwa sababu ndiyo njia yenu ya kurudi. Iacheni mpaka mfunge hesabu za mwezi angalau mara moja kwa safu mpya na mhasibu aridhike. Hapo mnaacha kuiandika, mnachukua nakala rudufu, mnaifuta. Kufuta ndiko hatua pekee isiyo na kurudi, na kunakuja mwisho, wakati hakuna tena anayeitegemea.

Kuamua nani anasoma kutoka wapi, tumieni swichi: rekodi ndogo kwenye jedwali la mipangilio inayosema tawi hili la SACCOS au karani huyu atumie njia mpya. Karani akipiga simu kwamba namba haieleweki, mnazima swichi, mnachunguza kwa utulivu. Lakini swichi zina maadili yake. Kila moja iwe na jina lake peke yake, isitumike tena kwa kazi nyingine, na msimbo wa zamani ufutwe swichi inapostaafu. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, tarehe 1 Agosti 2012 ilitumia tena alama ya zamani kuwashia kitu kipya. Seva saba kati ya nane zilikuwa na msimbo mpya. Ya nane ilibaki na msimbo wa zamani ambao haukuwa ukitumika tangu 2003, na alama ileile ikaufufua. Ndani ya dakika 45 walipoteza zaidi ya dola milioni 440. Nawaomba muichukulie kwa uzito: kuacha msimbo uliokufa ndani ya mfumo wa fedha ni hatari hata kama hakuna anayeugusa.

Riba ya mikopo ibadilisheni kwa njia nyingine. Iacheni hesabu ya zamani itoe jibu analopewa mwanachama, lakini kwa kila ombi hesabu mpya nayo ikokotoe, na tofauti iandikwe kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu. GitHub walifanya hivyo walipoandika upya sehemu inayoamua nani ana ruhusa ya kufikia nini, na maktaba waliyoitumia, Scientist, wameiacha wazi kwa kila mtu. Kanuni yake ni fupi na maktaba kama hiyo mnaweza kuiandika wenyewe kwa PHP kwa siku moja. Mtashangaa mara ngapi ya zamani ndiyo itakayokuwa sahihi, kwa sababu ya yale masharti ya ajabu niliyoyataja. Onyo moja tu: njia hii ni ya kusoma na kukokotoa. Msiendeshe mbili sambamba penye kutuma fedha au ujumbe, mwanachama atalipwa mara mbili.

Na lile wazo la meneja la mfumo mpya, msilitupe. Sura mpya ya skrini, msimbo uliopangwa vizuri, vyote vinawezekana. Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya programu, aliona katika misitu ya Queensland, Australia, mitini inayoota juu ya miti mingine, ikashusha mizizi hadi ardhini na hatimaye kusimama yenyewe. Mwaka 2004 akaitumia kueleza njia hii. Mugumo wanaouheshimu watu wa Mlima Kenya nao mara nyingi huanza hivyo. Kwenu inamaanisha kuweka mbele Nginx au Apache, programu za seva zinazopokea maombi na kuyaelekeza: njia ya ripoti za mikopo iende kwenye msimbo mpya, mengine yote yabaki ya zamani. Hifadhidata iwe moja, na kuingia kuwe kumoja, karani asiandike nywila mara mbili. Chagueni cha kwanza kinachosoma tu na kinachowaudhi watu sasa hivi. Ripoti inayochukua dakika tano ni chaguo zuri kuliko mapokezi ya malipo ya simu, ambayo yaje karibu na mwisho, mkiwa mmeshazoea.

Njia hii ina gharama yake, na meneja asifichwe. Ukijumlisha siku zote, inaweza kuwa ndefu kuliko kuandika upya kama kila kitu kingekwenda vizuri. Kwa muda mtatunza njia mbili za jambo moja. Na hatari yake kubwa ni kuachwa njiani: nusu ya faili kwa PDO, nusu mysql_query, safu mbili za fedha na hakuna anayekumbuka ipi ni ya kuaminiwa. Hali hiyo ni mbaya kuliko mliyoanza nayo. Kwa hiyo msiwe na uhamisho zaidi ya mmoja au miwili iliyo wazi kwa wakati mmoja, na kazi isihesabiwe imekwisha mpaka cha zamani kifutwe. Hesabuni mysql_query zilizobaki, namba hiyo mwonyesheni meneja kila Ijumaa, na wekeni ukaguzi unaokataa msimbo wowote unaoiongeza. Namba inayoshuka mbele ya macho yake itamtuliza kuliko ahadi ya siku ya uzinduzi.

Kuna mambo ya kufanya kwa mkupuo, nisije nikaonekana nakataa kila kitu. Kuhamisha mfumo kwenda seva nyingine ni mojawapo: mnafanya mazoezi kwa nakala, mnachagua usiku mtulivu, mnahama, na seva ya zamani mnaiacha imezimwa lakini kamili. Tofauti ni kwamba msimbo unabaki uleule, na kama mnafunga miamala mpaka mjiridhishe, kurudi ni kubadilisha anwani tu. Chochote msifanye karibu na kufunga mwaka au kugawa gawio.

Limebaki tawi la mwenzako. Msiliunganishe. Wala msilifute, miezi minne ya kufikiri imo mle. Kuna kazi kubwa ndani ya mfumo endeshi wa Linux, PREEMPT_RT, ya kuiwezesha kuitikia kwa wakati uliopangwa, iliyoanza karibu 2004 na kuishi nje ya tawi kuu kama rundo la viraka. Haikuingia kwa siku moja. Thomas Gleixner, Ingo Molnár na wenzao walikuwa wakitoa vipande ndani yake, kama vile vipima muda vyenye usahihi mkubwa, wakavisafisha hadi kila kimoja kimfae hata asiyehitaji kazi yenyewe, kisha wakavipeleka kimoja kimoja. Kipande cha mwisho cha kuiwasha kiliingia katika toleo la 6.12 mwaka 2024, na kufikia hapo kilikuwa kidogo.

Kaeni pamoja, nawe usikae kama mshindi, mpitie tawi lake mkiuliza: nini humu kingefaa leo ndani ya mfumo wa zamani kama ulivyo? Majaribio aliyoandika ya riba, ndiyo, hayo yaende kesho. Kipande chake kinachounganisha na hifadhidata kwa PDO kinafuata. Kichukueni kwenye tawi kuu kama badiliko jipya, msome wote wawili, kiende kwa watumiaji. Wiki ijayo chukueni kingine. Kitakachobaki kwenye tawi bila kupata nafasi hata baada ya hapo, mwacheni yeye mwenyewe aamue siku ya kulifunga.